Jicho Lililoua Sungura

Ukipiga hodi kwa mkwe wangu yule, hakwambii karibu. Anakuuliza, "Hodi ya heri?" Ukijibu ya heri, anauliza tena, "Umepitia njia gani?" Wewe uko nje, jua linakuchoma utosi, umeleta kisahani cha vitumbua tu, basi unasimama pale unaeleza njia uliyopita kama uko kituo cha polisi. Akiridhika, unasikia komeo. Asiporidhika, kimya. Ukigeuka uende zako, unamkuta yuko nyuma yako, keshatoka mlango wa uani akazunguka nyumba ili akutazame mgongoni kama umeficha kitu.

Jina lake ninalo, ila hapa kijijini kwetu Bweni hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mlinzi. Alilinda shule yetu ya msingi miaka mingi, tangu wanangu wanasoma, na alipoiacha ile kazi kwa uzee, kazi yenyewe haikumwacha. Nilimjua kwanza kama jirani, kisha Mungu akatufanya wakwe: mwanangu Shomari akamwoa binti yake wa pekee, Mwanahamisi. Nasema Mungu kwa sababu mie sikuchagua. Ningeachiwa nichague ningetafuta mkwe anayekunywa chai bila kuinusa.

Chai aliinusa, wallahi. Siku ya posa wazee wamekaa jamvini, vikombe vimeshapangwa, yeye akaomba abadilishane na mjomba wangu. Mjomba akacheka, akampa chake. Mlinzi akakiinua, akakinusa, akafikiri, akasema, "Hapana, nirudishie changu." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alimtazama kila aliyecheka, mmoja mmoja, na naamini mpaka leo anawakumbuka.

Alikuwa na maneno yake. "Anayekusifu anakupima." Hilo alilisema kila wiki. "Mwizi hodari ni yule anayekuja kukwambia kuna mwizi." Na akisikia mtu kafa, hakuulizi alikuwa anaumwa nini, anauliza, "Jana alikula kwa nani?" Nami kila nikimsikia nasema moyoni, huyu mtu usingizi anaupataje? Maana kulala nako ni kumwamini mtu atakayekuwa macho.

Lakini sitaki mumchukie upesi. Mwaka mmoja niliugua homa, nikalazwa kwangu mwenyewe hoi, mume wangu keshafariki, Shomari yuko safarini. Mlinzi alikuja na kigoda chake na rungu, akakaa nje ya mlango wangu mchana kutwa. Hakuingia kunijulia hali hata mara moja. Watu wakimuuliza anajibu, "Nyumba ya mgonjwa huibiwa." Kila aliyeniletea uji aliuonja yeye kwanza. Nilikunywa uji uliopungua siku zote za homa yangu, na nilipopata nafuu akainua kigoda chake akaenda zake bila kuaga. Basi mtu wa namna hiyo utamwitaje? Mbaya hawi. Mwema naye, ah, mwema anachosha vile?

Na hakuwahi kuchukua cha mtu. Shule ile ilipojengwa choo kipya, mabati yalilala nje msimu mzima, halikupotea hata moja. Yeye mwenyewe nyumba yake ikivuja.

Sungura alianza nao baada ya kustaafu. Mwalimu mmoja wa kutoka bara alihamishwa, akamwachia jike na dume, na mabanda ya mbao. Mlinzi alinuna kwa muda, akitafuta sababu gani mtu atoe bure kitu kizuri hivyo. Hakuipata. Wakazaliana. Walimu na wauguzi wakawa wanunuzi wake, na kuna nyumba ya wageni kule Kilindoni ikawa inamwagizia nyama kwa dereva wa gari la abiria. Sisi wenyeji tulikuwa tunatema mate pembeni. Tulisema panya mwenye masikio makubwa. Shehe wa msikiti alishasema ni halali, tena kwa sauti, lakini halali ni kitu kimoja na mdomo ni kitu kingine.

Mwenyewe hakuila. Alimwelekeza sungura kibla, akasema bismillahi, akachinja vizuri kuliko mchinjaji yeyote ninayemjua, akachuna, akakabidhi, akanawa mpaka kwenye viwiko. Nilimuuliza siku moja, "Mkwe, mbona wewe huonji?"

"Nimemchinja kihalali," akanijibu. "Lakini sijui alikuwa anawaza nini."

Loo! Alimshuku hata sungura.

Na hapo ndipo unamwona alivyokuwa na sura mbili. Kwa sababu wanyama wale aliwapenda. Nilimsikia nikipita nyuma ya ua anaongea nao, sauti laini ambayo binti yake mwenyewe hakuwahi kuisikia. Yule dume wa kwanza, wa kijivu, sikio moja limechanika, hakuchinjwa kamwe. Alikuwa anapiga chafya tangu alipokuja, chafya moja, mbili, basi, kama mzee anayetia ugoro. Mlinzi alimfuta pua kwa kitambaa, kisha kwa kitambaa kilekile akapita akiwafuta na wengine nyuso zao, kwa mapenzi tu, mmoja baada ya mwingine. Mie nilitazama nikaona jambo zuri. Nani angejua?

Sasa, kijicho. Sisi pwani tunamficha mtoto mchanga, hilo halina ajabu. Anafunikwa, anafukiziwa, haonyeshwi kwa kila mpita njia mpaka arobaini yake itimie. Mlinzi akaona kama mtoto wa mtu hufichwa, mtoto wa sungura kwa nini asifichwe? Wale huzaliwa wekundu, uchi, macho yamefumba, na mama yao huwafunika kwa manyoya anayojinyofoa kifuani. Kwa Mlinzi hilo likawa ushahidi. "Unaona?" akasema. "Hata yeye anajua watu walivyo." Akaleta magunia, akaziba mabanda pande zote. Juu ya magunia akatandika turubai. Mlango wa kibanda yalimokaa akautia kufuli. Jioni anaingia na chetezo, anafukiza ubani na udi ndani ya giza lile, anafunga, anauacha moshi ufanye kazi. Ukikaribia unasikia harufu mbili, ya peponi na ya mkojo, zinagombana.

Na mtu yeyote asione watoto kabla hawajafumbua macho. Mimi, Mwanahamisi, malaika, yeyote.

Basi siku ile Mwanahamisi alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Mama yake alishatangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo alikuwa amebaki kwa baba yake kumtunza, na Shomari akija na kuondoka, maana anafanya kazi kwenye boti ya kuvukia bara, ya Nyamisati. Nilipeleka matembele kwa ajili ya sungura. Mlinzi ametoka. Mwanahamisi akaniambia, "Mama, mgongo umenikaza, siwezi kuinama. Niwekee maji tu mle, ufunguo huu." Nikaingia. Nikainua gunia nipate pa kupitisha bakuli. Nikawaona wamejaa kiota kizima, wanatetemeka. Nikasema, "Mashallah! Wamejaa hawa!"

Kivuli kikaziba mlango. Mlinzi.

"Umesema nini?"

"Nimesema mashallah."

"Mimi nimesikia wamejaa."

"Nimeanza na mashallah, mkwe."

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye ushungi. "Ulisema," akakubali polepole. "Lakini ulichelewa. Jicho lilikwishafika."

Nikadhani ni maneno yake ya siku zote. Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu.

Haikupita muda zikaanza chafya, na sasa hazikuwa za yule dume peke yake. Makamasi meupe mazito. Miguu yao ya mbele, kwa ndani, manyoya yaligandamana kwa sababu ya kujifuta pua. Jike mmoja matiti yalivimba yakawa moto, rangi ya buluu, watoto wakija kunyonya anawapiga teke. Wakafa kwa njaa juu ya maziwa. Mwingine akatoa jipu chini ya kidevu kubwa kama ndimu. Mlinzi akawa mkali zaidi wa kufunika. Kila chafya, gunia jingine. Kila kifo, ubani zaidi. Akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha katika bakuli moja, na bakuli hilohilo likapita banda kwa banda, wote wakanywa humo.

Akiona aliyezidiwa alikuwa anawahi kisu, maana akifa mwenyewe ni kibudu. Anamchinja kwa bismillahi, halafu anamzika. Hapo nami nikamshuku, kusema kweli. Nikasema, hakuna mtu anachinja ili azike. Huyu anawauzia wale walimu nyama ya wagonjwa. Nikamvizia nyuma ya minazi yake siku mbili tatu, mwanamke mzima, nimejibanza kama kuku mwizi. Akawa anazika kweli, shimo refu, na majivu juu. Nilipomuuliza akasema, "Sitaki kibudu kwenye ardhi yangu, wala sitaki mtu wa Mungu ale nisichokiamini." Hata katika hilo alikuwa mwaminifu kuliko nilivyomdhania, nami nikaona haya.

Kisha yule wa shingo akatokea. Jike mweupe, asubuhi anakutwa kichwa kimepinda, sikio moja linagusa sakafu, jicho moja linatazama juu. Akitembea anazunguka palepale kama mtu aliyepandisha mashetani. Mlinzi alichuchumaa mbele yake. Akaangalia lile jicho limeelekea wapi. Akatoka nje, akasimama, akanyoosha mkono, akapima. Jicho lilielekea kwangu.

Tangu siku hiyo hakuniita mkwe tena. Akawa ananiita "mama wa nyumba ile".

Mie si mtu wa kunyamazishwa. Nikamtafuta Bwana Mifugo mwenyewe, kwa simu za kubembeleza, kijana wa kutoka Mbeya anayekaa Kilindoni, akaja na pikipiki barabara ile yetu ya mashimo mpaka nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Nikasimama nje ya ua, maana ndani sikuruhusiwa, lakini masikio yangu yaliruhusiwa kila mahali.

"Mzee shikamoo."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee, nimesikia una wagonjwa." Kijana akaingia kibandani, akatoka mbio, machozi yanamtiririka. "Mzee wangu! Mkojo humu unachoma mpaka machoni. Wewe mwenyewe unaweza kukaa humu?"

"Mimi si sungura."

Kijana akachuchumaa akaeleza, na alieleza vizuri, kwa adabu. Akasema huu ni ugonjwa wa bakteria, kidudu kinachokaa puani. Sungura anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe anacho, na hewa ikiwa nzito na chafu kinaamka. Kinashuka kifuani, kinapanda masikioni, ndiyo shingo inapinda vile. Kinamfuata mwenzake kwa chafya, kwa kitambaa, kwa bakuli la maji. "Toa magunia, mzee, hewa ipite. Usafi kila siku. Usiwafukizie. Wanaopiga chafya watenge, na hata wakiacha kupiga chafya usiwarudishe kwa wazima, maana wanabaki nacho. Na dawa za watu usiwape, nyingine zinawaharibu tumbo wanakufa. Njoo ofisini nitakuelekeza dawa yao."

"Hao bakteria umewaona?" akauliza Mlinzi.

"Hawaonekani kwa macho, mzee. Mpaka kwa hadubini."

"Hadubini unayo?"

"Hapa sina."

"Basi wewe una usichokiona, na mimi nina nisichokiona. Tofauti yetu ni kwamba changu mimi naijua nyumba kinapokaa."

Kijana akachukua pikipiki yake akaondoka. Nami nje ya ua, Mungu anisamehe, nusura nicheke, kabla sijakumbuka kwamba nyumba inayosemwa ni yangu.

Hakutoa gunia hata moja. Alikwenda dukani akanunua vidonge vya rangi mbili, vile watu wanavyomeza kwa kila kitu kuanzia jino, akafungua unga wake akautia kwenye maji. Sungura waliokuwa hawajaanza chafya wakaanza kuhara, wakafa mbele ya wagonjwa. Alichosema ni kwamba jicho langu limekasirika kwa kuitiwa mganga.

Mwanahamisi akajifungua mtoto wa kike. Rehema. Mie ndiye niliyepaswa kumkanda mzazi, kumwogesha mtoto, kumpika mama uji wa pilipili manga. Mama mzaa mwali hayupo, nani mwingine? Nilishaandaa kanga mpya, mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe, na mchele wa uji nilioufunga kwenye karatasi. Nikafika mlangoni na mzigo wangu kichwani. Mlinzi amekaa kwenye kigoda na rungu.

"Mama wa nyumba ile," akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, hilo ndilo lililoniua, "vitu nitavipokea. Wewe usipite."

"Mjukuu wangu yumo humo."

"Na mimi wangu yumo humo. Umeona sungura wangu wakafa. Mtoto hazaliwi mara mbili."

Nilipiga kelele siku ile mpaka majirani wakatoka. Nilimwambia maneno yote. Alikaa tu anaulinda mlango kama mabati ya shule. Nikarudi na mzigo wangu. Shomari alipokuja akasema, "Mama, mzee ni mzee, mvumilie, yatapita." Mwanahamisi alipitisha ujumbe wa kilio: baba kamwapisha kwa msahafu asinionyeshe mtoto. Msahafu si kitu cha kuchezea. Basi Rehema akatoka arobaini sijamwona, akaota meno sijamwona, akatambaa upande wa pili wa ua nasikia anacheka tu.

Na maneno kijijini hayana mguu lakini yanatembea. Mwanamke mmoja tulikutana njia ya kisimani, mtoto mgongoni. Alipaswa kusema shikamoo, akasema, lakini mkono wake ulikwenda nyuma ukavuta kanga ukamfunika mtoto uso. Polepole tu, kama mtu anayejikuna. Nikaitikia marahaba. Nikafika nyumbani nikaketi sakafuni.

Hakuna aliyeniambia litakalofuata. Nilianza kujishuku mwenyewe. Mpapai wangu niliusifu wiki hiyo, ukanyauka. Kuku wangu wa mayai, nilimtazama asubuhi, jioni kafa. Nikasema, ya Rabi, je, ikiwa ni kweli? Mtu anajuaje jicho lake likoje? Halijitazami. Nikaanza kutembea nimeinamisha uso. Harusini nilitazama miguu ya bibi harusi na hina yake, basi. Akija mtoto wa jirani kuomba chumvi, namkabidhi nimegeukia ukutani. Nilikuwa nimemsikia Bwana Mifugo kwa masikio yangu, nilijua habari ya bakteria neno kwa neno, na bado nilitazama ukuta. Sijawahi kuumwa ugonjwa mbaya kama ule, na homa nazijua.

Basi Mlinzi naye akaanza upya. Sungura wote walikuwa wamekwisha, ila yule dume wa kijivu na chafya zake za ugoro. Akaagiza majike mapya kutoka bara, wakaja botini ndani ya tenga lililoshonewa gunia. Akajenga kibanda cha udongo bila dirisha, nyuma kabisa, kwenye minazi. Hakumwonyesha mtu. Wala binti yake. Wala hakutaja kwamba anao. Majani alikata mwenyewe alfajiri akayaficha ndani ya shuka. Kijiji kizima hakikujua. Mie sikujua. Yaani kama kuna viumbe duniani hawakuonwa na jicho la mtu, ni wale.

Wakafa wote. Chafya, makamasi, vichwa vimepinda, wote, na watoto wao.

Habari hizi nilizipata kisimani kwa Mwanahamisi, mtoto kamwacha nyumbani ili asivunje kiapo. Aliapa asinionyeshe mtoto, kuzungumza hakuapa. "Mama, nimeingia mle baada ya baba kumaliza kuzika. Giza. Na yule dume wa zamani alikuwa humo humo pamoja nao. Alimweka awe baba yao. Ndiye peke yake mzima."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Nikasema, Alhamdulillahi, sasa ataelewa. Nilisubiri aje kuniomba radhi. Nilishapanga nitakavyomjibu, maneno makali kwanza, laini baadaye.

Alikuja. Asubuhi moja baada ya mvua, niko uani nakaanga vitumbua, nikamwona anaingia, amevaa kanzu, kikoi begani. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, kashika upindo wa kanzu, mtoto wa kike anayetembea mwenyewe, kidevu cha Shomari mtupu. Upawa ulinianguka mafutani. Nikainamisha uso haraka, kwa mazoea.

"Mtazame," akasema. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Unasemaje?"

"Mtazame mjukuu wako, mkwe. Si wewe." Alikuwa hajaniita mkwe tangu zamani. "Wale wa mwisho hawakuonwa na mtu. Nililinda mwenyewe. Hakuna aliyewaona ila mimi, na wakafa. Sasa nimejua. Jicho ni langu."

Nikatafuta yale maneno makali niliyoyapanga, sikuyaona.

"Mwanahamisi anakusanya vyombo," akaendelea, bado ukutani. "Watakaa kwako wote wawili. Mimi nakwenda kisiwani Juani, kwa dada yangu. Sitamtazama tena huyu mtoto. Njiani nimempitisha nyuma."

"Mlinzi, kijana wa watu alikwambia! Ni yule dume wako! Ana ugonjwa puani, hafi yeye, anawaua wengine!"

"Dume ni mzima," akasema. "Nani alimlea? Nani alimtazama kila siku? Hata yeye namwogopea."

"Basi geuka umtazame mtoto mara moja, umuage."

"Siwezi, mkwe. Nimekwisha kumtazama mno."

Akatoka. Rehema alisimama katikati ya ua wangu, mjukuu niliyemlilia, mbele yangu, bila ua, bila rungu, bila kiapo. Sikuwa na adui tena. Jina langu lilikuwa limesafishwa na mdomo uleule uliolichafua. Akanitazama mie, akatazama mlango, akapiga ukelele, "Babu!" Si kilio cha kitoto cha kutaka kitu. Kilio cha mtu aliyeachwa. Na nje Mlinzi alikuwa anakwenda upesi, shingo kaikaza, masikio kayaziba kwa mikono.

Nilijua anapokwenda. Si Juani. Nilishafika huko mie, kwenye ile hali ya kuogopa macho yako mwenyewe, na nilikuwa na umri mdogo kuliko wake na nguvu zaidi. Yeye asingerudi.

Nikamwinua Rehema nikamweka kiunoni, nikatoka mbio na mafuta yangu yanaungua jikoni. Nilimpata mbele ya duka, palipo na baraza, watu wamekaa wanakunywa kahawa. Nikamzunguka nikasimama mbele yake. Akafumba macho. Akaenda kulia, nikaenda kulia. Akaenda kushoto, nami kushoto. Watu wakaacha vikombe.

"Fumbua macho, Mlinzi. Si wewe. Ni mimi."

Akasimama.

"Ni mimi," nikarudia, kwa sauti, barazani wote wasikie, na yule mwanamke wa kisimani alikuwepo ananunua sukari. "Nilikuwa napita nyuma ya kibanda chako kipya. Niliona majani unayoficha. Nikachungulia. Niliwaona wote."

Uongo mtupu. Sikuapa, na yeye hakuniapisha. Akafumbua jicho moja, kisha la pili, akanitazama kutoka miguuni mpaka usoni, yale macho yake ya kazi, yaliyokuwa yamezimika uani kwangu.

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Ulipita wapi?"

"Kwenye minazi. Upande wa pwani."

Akafikiri. Nikaona mabega yake yanashuka, pumzi inamtoka ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia la nazi.

"Nilijua mimi!" akasema. "Nilijua tu!"

Akamchukua Rehema mikononi mwangu. Akamtazama: macho, masikio, meno, kila kitu, machozi yanamdondoka kwenye kanzu, na mtoto anamshika ndevu. Kisha akakumbuka nimesimama pale. Akavuta kikoi begani, akamfunika uso nisimwone, akarudi naye nyumbani.